Lango la Delhi katika Mji wa Bangalore

Familia nyingi za pwani yetu zimeujua mji wa Bangalore kwa sababu ya maradhi. Mgonjwa hupelekwa huko kutibiwa, na aliyemsindikiza, aghalabu mama au dada, hukaa siku nyingi baina ya hospitali na chumba cha kupanga akingojea majibu ya vipimo. Kwa ndugu hao naeleza habari ya mahali palipo karibu na soko kuu la mji, ambapo saa moja yatosha kupazuru: Lango la Delhi, mabaki ya ngome ya Tipu Sultan.

Ngome ya kwanza ilikuwa ya udongo, na aliyeijenga ni Kempe Gowda, mwaka 1537. Mwaka 1761 Hyder Ali, babake Tipu, akaanza kuijenga upya kwa mawe. Sehemu kubwa ya kuta imekwisha kubomolewa. Lililosalia ni lango hili la upande wa kaskazini na vipande vya ukuta. Milango yake ya mbao ni mirefu mno, nayo imepigiliwa miiba ya chuma. Aliyezoea misumari ya shaba katika milango ya Mombasa na Unguja atadhani ni pambo. La, miiba hii ilikuwa kinga dhidi ya tembo wa vita, wasije wakausukuma mlango kwa vichwa vyao.

Ndani ya uwanja limo hekalu la Kihindu, la Ganapati, ndani ya ngome ya mtawala Mwislamu. Tipu alilisaidia pia hekalu la Sringeri baada ya kuporwa na jeshi la Maratha mwaka 1791. Hata hivyo, watu wa Coorg na wa Malabar waliteswa na kuhamishwa kwa nguvu kwa amri yake, na sioni halali kwa mwenye kumsifu kulificha hilo.

Bamba la mawe ukutani linaonyesha mahali Waingereza walipopenya usiku wa tarehe 21 Machi 1791, baada ya mizinga yao kuutoboa ukuta. Bahadur Khan, mlinzi mkuu wa ngome, mtu mzima wa makamo ya uzeeni, alipigana hadi akauawa. Jenerali wao, Cornwallis, alimpelekea Tipu salamu kwamba yu tayari kumrudishia maiti. Tipu akajibu kwamba azikwe papo hapo alipofia, kwa mikono ya Waislamu wa mji ule.

Kuanguka kwa Bangalore kulifungua njia ya kwenda Srirangapatna, mji mkuu wake. Mwaka uliofuata Tipu alilazimika kusalimu nusu ya milki yake, na kulipa rupia milioni 33. Nayo fedha haikutosha kuaminika. Akatakiwa atoe rehani, na rehani yenyewe ilikuwa watoto wake wawili, Abdul Khaliq na Muizuddin, mmoja wa miaka kama kumi na mwingine kama minane. Walitoka mjini tarehe 26 Februari 1792, wamepandishwa juu ya tembo, wakapelekwa kambini kwa adui, kisha Madras. Wachoraji wa Uingereza waliipenda sana habari hiyo, na picha zao zilimwonyesha Cornwallis akiwapokea kama baba mpole. Ndani ya nyumba walimotolewa watoto hao hakukuwa na mchoraji. Miaka miwili ilipita ndipo wakarudishwa, mwaka 1794.

Tipu aliuawa Srirangapatna tarehe 4 Mei 1799, akazikwa ubavuni mwa baba na mama yake katika kuba aliyowajengea mwenyewe. Jamaa zake walihamishiwa ngome ya Vellore, mji mwingine ambao wagonjwa wetu huupitia. Huko yako makaburi ya wanawake wa nyumba ile, akiwamo Bakshi Begum, mjane wa Hyder Ali, aliyefariki mwaka 1806. Atakayejaaliwa kufika awasomee Fatiha.