SELIMUNDU: HERUFI MOJA KUTOKA KWA BABA, HERUFI MOJA KUTOKA KWA MAMA



Katika parokia zetu zipo familia zenye mtoto ambaye tangu alipofikisha umri wa miezi sita hivi hajawa na raha. Leo mikono na miguu imevimba, kesho analia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa, keshokutwa macho yamekuwa ya njano na damu imepungua hata inabidi aongezewe. Wazazi wamehangaika huku na huko. Wengine wameambiwa kwamba mtoto amerogwa, wengine kwamba kuna laana katika ukoo. Na mara nyingi kidole huelekezwa kwa mama: "Kwetu ugonjwa huu haukuwapo, umekuja na wewe." Wapo akina mama waliorudishwa kwao kwa neno hilo moja.

Ugonjwa huo ni selimundu, ambao wengi huuita sikoseli. Mwezi huu tunapenda kuueleza tukianzia pale unapoanzia wenyewe, yaani ndani ya seli. Itatubidi tupite katika elimu kidogo ya viumbe hai, lakini msomaji asiogope. Akishaelewa jinsi seli inavyofanya kazi, ataona mwenyewe kwa nini lawama kwa mama hazina msingi, na kwa nini vijana wanaojiandaa kwa ndoa wanafaa kupima damu zao.

Seli ni nini?

Kama vile nyumba inavyojengwa kwa matofali, mwili nao umejengwa kwa seli. Lakini seli si kama tofali, kwa maana ina uhai. Inapokea chakula, inatoa taka, inafanya kazi yake, na nyingi hujigawa na kuzaa seli nyingine. Ni ndogo mno, haionekani ila kwa darubini. Imezungukwa na utando unaochagua kipi kiingie na kipi kitoke, na katikati yake kuna kiini.

Ndani ya kiini ndimo yanamotunzwa maagizo ya ujenzi wa mwili mzima. Yameandikwa katika uzi mwembamba sana uitwao DNA, na uzi huo umegawanyika katika vipande 46 viitwavyo kromosomu. Vipande 23 vimetoka kwa baba kwa njia ya mbegu yake, na 23 vimetoka kwa mama kwa njia ya yai lake. Jambo hili tulishike vizuri, maana tutalirudia: karibu kila agizo mtoto analo mara mbili, moja la baba na moja la mama.

Maagizo hayo yameandikwa kwa herufi nne tu, ambazo wataalamu huziita A, T, G na C. Urithi wa mzazi mmoja una herufi zipatazo bilioni 3. Sehemu ya maandishi yenye agizo moja kamili huitwa jeni.

Agizo linakuwaje damu na nyama?

Tufikiri juu ya kitabu cha ubatizo pale parokiani. Kitabu chenyewe hakitoki ofisini. Mtu akihitaji cheti, karani huandika nakala ya ukurasa unaomhusu, na nakala hiyo ndiyo inayotoka. Katika seli mambo ni hayo hayo. DNA hubaki ndani ya kiini, na jeni inayohitajiwa huandikiwa nakala iitwayo RNA. Nakala hiyo hutoka kwenye kiini na kwenda kwenye vikarakana vidogo viitwavyo ribosomu.

Huko nakala husomwa herufi tatu tatu. Kila herufi tatu ni neno moja, na kila neno huita punje moja iitwayo asidi amino. Ziko aina 20 za punje hizo. Karakana huzitunga moja baada ya nyingine kama punje za rozari zinavyotungwa kwenye uzi. Uzi ukikamilika hujikunja wenyewe na kupata umbo lake, na umbo hilo ndilo linaloupa uwezo wa kufanya kazi. Hiyo ndiyo protini. Misuli, ngozi, nywele, pamoja na vimeng'enyo vinavyosaga chakula tumboni, vyote vimejengwa kwa protini au vinategemea protini.

Kwa ufupi basi: DNA huandikiwa nakala ya RNA, na RNA husomwa ili itengenezwe protini. Huo ndio msingi mkuu wa elimu ya seli, nao wanafunzi wa vyuo vikuu hufundishwa mapema kabisa.

Kosa la herufi moja

Protini inayotuhusu leo ni himoglobini. Ndiyo inayoipa damu rangi nyekundu, na kazi yake ni kuchukua oksijeni mapafuni na kuipeleka mwili mzima. Seli nyekundu ya damu imejaa himoglobini. Moja tu ina molekuli zake zipatazo milioni 270. Hata kiini chake imekitupa nje ilipokuwa ikikomaa, ili ipate nafasi.

Kila himoglobini ya mtu mkubwa imeundwa kwa nyuzi nne: mbili za aina ya alfa na mbili za aina ya beta. Uzi wa beta una punje 146. Katika jeni ya uzi huo, neno linaloita punje ya sita huandikwa GAG, na punje inayoitwa ni asidi ya glutamiki. Kwa mwenye selimundu, herufi ya katikati imebadilika, neno limekuwa GTG, na punje inayokuja ni nyingine, iitwayo valini. Herufi moja imebadilika, na punje moja kati ya 146 imebadilika. Hakuna kingine.

Je, punje moja yaweza kuleta mateso makubwa namna hiyo? Ndiyo. Asidi ya glutamiki hupatana na maji, bali valini huyakimbia kama mafuta. Himoglobini inapoachilia oksijeni yake, valini hiyo hutafuta mahali pa kujificha, nayo hujishikiza katika himoglobini ya jirani. Ya pili hushika ya tatu, ya tatu hushika ya nne, mpaka zinakuwa fito ndefu na ngumu ndani ya seli. Seli iliyokuwa ya mviringo na laini hupindika ikawa na umbo la mundu. Kutokana na umbo hilo ndipo tunapata jina selimundu.

Seli laini hujipenyeza katika mishipa iliyo myembamba kuliko yenyewe. Seli iliyopindika hukwama. Zikikwama nyingi, damu haipiti, na sehemu ya mbele hukosa oksijeni. Hayo ndiyo maumivu makali ya mifupa, kifua na tumbo. Tena seli hizo huvunjika mapema. Seli nyekundu ya kawaida huishi siku zipatazo 120, lakini ya selimundu huishi siku 10 hadi 20 tu. Ndiyo maana damu hupungua na macho huwa ya njano.

Mambo haya hayakujulikana kwa siku moja. Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago, Marekani, alieleza seli zenye umbo la mundu alizoziona katika damu ya kijana mmoja, mwanafunzi kutoka kisiwa cha Grenada. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa hao ni tofauti na ya watu wengine. Halafu mwaka 1957 Vernon Ingram, huko Cambridge, Uingereza, akatambua punje yenyewe iliyobadilika.

Unarithiwaje?

Jeni ya kawaida tuiite A, na ile yenye herufi iliyobadilika tuiite S. Kwa kuwa kila mtu ana jeni mbili za uzi wa beta, yaani ya baba na ya mama, kuna watu wa aina tatu. Mwenye AA hana S kabisa. Mwenye AS ameibeba S moja, lakini ile A yake inatosha kumlinda. Kwa kawaida ana afya njema na pengine hajui kama anayo. Mwenye SS ndiye mgonjwa.

Mtoto wa SS amepokea S moja kwa baba na S nyingine kwa mama. Hakuna njia ya kupata S mbili kwa mzazi mmoja wa AS peke yake. Kwa hiyo anayesema "ugonjwa umetoka kwa mama" amesema nusu tu ya kweli, na nusu aliyoiacha ni ya kwake au ya ndugu yake.

Baba na mama wote wakiwa AS, kila mimba ni kama kura mpya. Katika nafasi nne, moja ni ya mtoto AA, mbili ni za mtoto AS, na moja ni ya mtoto SS. Kura haikumbuki ya nyuma. Kupata mtoto mmoja mgonjwa hakumaanishi kwamba watatu wafuatao watakuwa wazima. Wapo waliopata wagonjwa wawili mfululizo, na wapo ambao watoto wao wote ni wazima. Mzazi mmoja akiwa AS na mwingine AA, hakuna mtoto atakayekuwa SS.

Kwa nini S imeenea kwetu?

Jibu ni malaria. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alichapisha utafiti alioufanya Afrika Mashariki na kuonyesha kwamba watu wa AS wanakingwa dhidi ya malaria kali. Kijidudu cha malaria hakistawi vizuri katika seli zao. Kwa karne nyingi watoto wa AS waliponea pale wenzao walipokufa, wakakua na kuzaa, na S ikaenea katika nchi zenye mbu wengi. Inakadiriwa kuwa Tanzania peke yake huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka.

Tunaomba jambo moja lisikosewe hapa. Kinga hiyo ni ya AS. Mtoto wa SS hana usalama huo; malaria kwake ni hatari kubwa sana, kwa kuwa damu yake ni chache tangu mwanzo.

Kwa wanaojiandaa kwa ndoa

Tunawashauri vijana wapime damu mapema, kabla posa haijapelekwa na kabla kadi hazijachapwa. Waombe kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini, kwa sababu kile cha haraka cha kuangalia kama seli zinapindika hakiwezi kutofautisha AS na SS. Wote wawili wakiwa AS, hilo si kizuizi cha ndoa katika sheria ya Kanisa, wala mtu asiwalazimishe kuachana. Ila wana haki ya kujua, ili waamue kwa hiari na kwa sala wakiwa na ushauri wa mganga na wa padre. Na wakiendelea, mtoto wao atapimwa mapema badala ya kuzungushwa kwa waganga wa kienyeji mpaka hali imeharibika.

Kumtunza mtoto wa selimundu

1. Apimwe mapema. Mtoto mchanga huonekana mzima kwa sababu bado ana himoglobini ya tumboni, ambayo haina uzi wa beta. Dalili huanza inapopungua.

2. Anywe maji mengi kila siku. Seli ikikauka, himoglobini husongamana na fito hujijenga upesi. Akingwe pia na baridi na kuchoka mno.

3. Alale ndani ya chandarua chenye dawa, na apewe kinga ya malaria kama atakavyoagiza mganga.

4. Apewe penisilini kila siku mpaka afikishe miaka mitano, na chanjo zote. Bandama yake huharibika mapema, na bila bandama vijidudu vya kichomi na vya uti wa mgongo humwua haraka.

5. Homa yoyote ni ya kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo weupe wa ghafla wa viganja, tumbo kuvimba upande wa kushoto, kupumua kwa shida, au udhaifu wa upande mmoja wa mwili.

6. Ulizeni kuhusu dawa ya haidroksiyurea. Huurudishia mwili uwezo wa kutengeneza ile himoglobini ya tumboni. Utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda, na kutangazwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba dawa hiyo hupunguza maumivu, malaria na vifo vya watoto. Hutolewa kwa usimamizi wa mganga na kwa kupima damu mara kwa mara.

Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliruhusu tiba ya kurekebisha jeni katika seli za mgonjwa mwenyewe. Ni habari njema, ingawa gharama yake ni kubwa kupita uwezo wa familia zetu. Maji, chandarua, penisilini na kuwahi hospitali vimo ndani ya uwezo wetu.

Neno la mwisho

Wanafunzi walimwuliza Bwana Yesu juu ya yule aliyezaliwa kipofu, kama ni yeye aliyetenda dhambi au ni wazazi wake, naye akakataa yote mawili. Basi na sisi tusiulize ni nani aliyemroga mtoto, wala ni ukoo gani ulioleta ugonjwa. Kama katika jumuiya yako ndogo yupo mama aliyerudishwa kwao kwa sababu ya mtoto huyu, nendeni kwake, na nendeni kwa mume wake pia. Mwelezeni kwa upole kwamba damu ya mtoto imeandikwa na mikono miwili. Kisha mkumbusheni kwamba mtoto anahitaji wazazi wote wawili wakati wa kumkimbiza hospitali usiku.