Binti Anapomfuata Mume Uingereza

Jumapili moja ya Januari 2025, baada ya ibada hapa Handeni, mama mmoja wa kikundi chetu cha akina mama alinivuta pembeni. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Sista," aliniambia, "mwanangu amenyimwa kazi kule Uingereza. Wanasema kadi yake imekwisha. Je, watamrudisha?"

Binti huyo ninamfahamu. Alifunga ndoa kanisani Korogwe, na mwaka 2023 akamfuata mumewe, kijana wa kwetu aliyekwisha kuwa raia wa nchi ile. Sasa alikuwa amepata kazi ya kutunza wazee, na mshahara wa kwanza ulikwisha kupangiwa ada ya mdogo wake. Siku ya kuanza kazi alitoa kadi yake ya ukaazi. Mwajiri akaitazama, akasoma tarehe 31 Desemba 2024, akamrudishia.

Mpenzi msomaji, mabinti wengi wa wilaya zetu wanaolewa na watu wanaoishi ng'ambo. Tunawafunda jinsi ya kutunza nyumba na kumheshimu mume. Jambo hili pia linafaa tuwafunde.

Kadi imekwisha, ruhusa ipo

Mwanamke anayeomba viza ya mwenzi wa ndoa akiwa huku nyumbani, akikubaliwa, hupewa miaka 2 na miezi 9 ya kukaa Uingereza. Katika muda huo anaruhusiwa kufanya kazi, ya kuajiriwa au ya kujitegemea. Mgeni wa matembezi haruhusiwi. Mke mwenye viza ya ndoa anaruhusiwa.

Kwa hiyo binti wa Handeni alikuwa na haki yake kamili. Kadi nyingi ziliandikwa mwisho wa 2024 kwa sababu serikali ya kule ilikuwa ikihamia kwenye viza ya kielektroniki, hata kama ruhusa ya mwenye kadi ilikuwa bado inaendelea. Tena, tangu tarehe 6 Aprili 2022 mwajiri hakubali kadi hiyo kama uthibitisho wa kazi, hata ikiwa haijaisha.

Sasa uthibitisho uko kwenye akaunti ya serikali ndani ya mtandao. Mwenye viza huingia humo, huomba namba maalumu ya kumwonyesha mwajiri, naye hupewa alama 9 za herufi na tarakimu. Ile ya kazi huanza na herufi W. Mwajiri huiingiza pamoja na tarehe ya kuzaliwa ya mwombaji, kisha huona picha yake, kazi anayoruhusiwa na mwisho wa ruhusa. Namba hiyo hutumika kwa siku 90, na ikipitwa na wakati anaomba nyingine. Ni bure. Anayetaka fedha ili akupatie ni mlaghai.

Msimlaumu mwajiri haraka. Tangu Februari 2024, anayemwajiri mtu asiye na ruhusa anaweza kutozwa faini ya hadi paundi 45,000 kwa kila mtu mmoja ikiwa ni kosa la kwanza. Hata hapa kwetu, Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inamtaka mgeni awe na kibali cha kazi.

Nikamweleza mama yule kwa mfano wa kliniki. Mtoto amechanjwa chanjo zote, lakini kadi imebaki kwa bibi kijijini. Chanjo iko mwilini, ila muuguzi hawezi kuiona. Ndivyo ilivyokuwa kwa binti yake.

Akaunti ilikuwa ya nani?

Tulipompigia binti simu jioni ile, tuligundua tatizo lenyewe. Akaunti ilikuwepo. Mume aliifungua ili kumsaidia mkewe, akaweka barua pepe yake na namba yake ya simu. Kila anayetaka kuingia, ujumbe wa kumtambua huenda kwenye simu ya mume. Naye mume ni dereva wa malori. Wiki ile alikuwa safarini, simu haipatikani. Mwajiri alingoja siku mbili, kisha nafasi akapewa mwingine.

"Mama, labda hataki nifanye kazi," binti alisema akilia.

Hapo ndipo nilipoogopa kuliko habari ya kazi. Kosa la barua pepe lilikuwa linaanza kuwa ufa katika ndoa. Nilimwomba asimlaki mumewe kwa mashtaka, bali amwombe wakae pamoja. Mume aliporudi alishangaa. Hakuwa amefikiri kabisa. Usiku uleule walibadilisha, wakaweka barua pepe na simu ya mke.

Akina mama, mume huyu alikuwa mwema. Lakini wako wanaoficha pasipoti ya mke na namba zake za siri ili asiweze kutoka wala kupata senti yake. Huo ni ukatili, na sheria ya Uingereza ina njia ya kumlinda mke wa namna hiyo. Binti ajue hivyo kabla hajaondoka.

Mfunde kabla ya safari

1. Awe na barua pepe yake mwenyewe, na aikumbuke bila kuuliza mtu. Akipata simu ya kule, aweke namba yake kwenye akaunti.

2. Majina yafanane katika cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa na pasipoti. Akibadilisha pasipoti, aiingize mpya kwenye akaunti.

3. Ajue tarehe ya mwisho ya ruhusa yake, na aombe kuongezewa kabla haijafika. Akiwa ameomba kwa wakati na jibu halijatoka, haki ya kazi inaendelea. Mwajiri anaweza kuiuliza Wizara ya Mambo ya Ndani, na jibu zuri humkinga kwa miezi 6.

4. Haki ya kazi si leseni ya taaluma. Nawaambia hasa wauguzi wenzangu: diploma yako na usajili wa Baraza letu havitoshi kukuvalisha sare ya uuguzi kule. Ni lazima usajiliwe na baraza lao. Wakati unangoja, unaweza kufanya kazi ya msaidizi wa wagonjwa.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Haki nayo ina daftari lake.

Tunapomsimulia binti habari za Ruthu, tunakazia jinsi alivyomfuata mkwewe. Tusisahau kwamba alipofika ugenini aliomba ruhusa ya kuokota masazo, na Boazi akawaagiza vijana wake wasimzuie. Aliokota bila hofu kwa sababu ruhusa yake ilijulikana shambani.

Binti wa Handeni alipata kazi nyingine baada ya wiki tatu. Safari hii namba aliitoa mwenyewe, mbele ya mwajiri, kwa simu yake. Ada ya mdogo wake ilichelewa, lakini ilifika. Na mume, mama yake ananiambia, ndiye aliyempeleka kazini siku ya kwanza.