Isipokuwa na Mwelekeo wa Mshale: Alama za Sharti katika Sheria ya Madini

Katika mantiki, p → q husomwa "ikiwa p, basi q". Mshale huu haurudi nyuma: q yaweza kuwa kweli ilhali p ni uongo. Watahiniwa wa LSAT, mtihani wa kujiunga na vyuo vya sheria Marekani na Kanada, hukariri kanuni maalumu ya kuandika kwa alama neno la Kiingereza lenye maana ya isipokuwa. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili kanuni hiyo imo ndani ya neno lenyewe, kwani -sipo- ni ukanushi wa -ki- ya sharti (akiwa, asipokuwa). Alama ya kukanusha, ¬, tayari inasikika.

Kwa mujibu wa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, mtu binafsi hapewi leseni ya uchimbaji mdogo isipokuwa awe raia wa Tanzania. Tukiweka R kwa uraia na L kwa leseni, tunapata ¬R → ¬L. Pande zikibadilishana nafasi na kila upande ukakanushwa, inabaki L → R, yenye maana ile ile. R → L haimo kabisa.

Tofauti hiyo ina gharama. Mchimbaji mdogo wa Chato anayeombwa kuchangia fedha katika duara, akaoneshwa kitambulisho cha Taifa cha mwenye duara, ameoneshwa R tu. Uraia ni sharti la lazima lisilojitosheleza. Leseni yenyewe bado haijaonekana.

Kosa la pili ni kuunganisha minyororo isiyoungana. Sheria hiyo hiyo hairuhusu uchimbaji bila haki madini: U → H. Mtahiniwa mwenye haraka huongeza L → R na kuhitimisha kwamba kila mchimbaji halali ni raia. Lakini H si L. Mgodi wa Geita, unaomilikiwa na AngloGold Ashanti, huchimba kwa leseni ya aina nyingine, na sharti la uraia la wachimbaji wadogo haliugusi.

Tangu marekebisho ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, uchaguzi wa kiambishi umekuwa suala la haki. Mfasiri anayeandika "mwombaji akiwa raia atapewa leseni" ameugeuza mshale, na amempa mwombaji dai ambalo Bunge halikulitunga.