Jinsi orodha ya kwenye kompyuta inavyoweza kumhamisha mkazi wa Korogwe

MKAZI wa kata ya Old Korogwe, mkoani Tanga, anapojaza fomu ya maombi kwa njia ya mtandao hukutana na maswali ambayo yasingempa shida hata kidogo kama angeulizwa ana kwa ana: unatoka mkoa gani, wilaya gani, kata gani. Kwenye karatasi angeandika kwa kalamu na kumaliza. Kwenye kompyuta haandiki chochote. Hubonyeza kisanduku chenye mshale mdogo unaotazama chini, orodha ikakunjuka, naye akachagua jina moja kati ya yale yaliyowekwa humo na mtu asiyemfahamu.

Mkoa wa Tanga huupata bila taabu. Akifika kwenye wilaya anaweza kukuta Korogwe mbili, moja ya halmashauri ya wilaya na nyingine ya halmashauri ya mji, pengine zikitofautishwa kwa herufi mbili tu, DC na TC. Akichagua ya kwanza, kata zitakazojitokeza ni za kina Mombo, Hale, Magoma na Bungu, na yake haimo hata akiisoma orodha mara tatu. Akichagua ya pili, macho yatakwenda moja kwa moja kwenye herufi K kuitafuta Korogwe. Kata yake iko kwenye herufi O, chini kabisa, baada ya Manundu, Masuguru na Mtonga, kwa sababu neno la kwanza la jina lake rasmi ni la Kiingereza.

Aliyechoka, au anayelipia muda wa kompyuta katika steshenari huku watu wengine wakisubiri nyuma yake, anaweza kuchagua jina lolote lililo karibu ili ukurasa umruhusu kuendelea. Fomu itapokelewa. Tatizo litajitokeza baadaye, pale barua ya utambulisho kutoka kwa ofisa mtendaji itakaposema Old Korogwe na kumbukumbu za kompyuta zikasema Mombo. Ofisa anayelinganisha nyaraka hizo mbili hana namna ya kujua kwamba kilichokosewa ni orodha. Mbele yake kuna mwombaji aliyetoa maelezo mawili yanayopingana.

Kisanduku hicho, ambacho watunzi wa programu hukiita orodha kunjuzi, si kitu kipya. Kimo katika toleo la 2.0 la HTML, lugha inayotumika kuandika kurasa za mtandao, lililochapishwa Novemba 1995 na Tim Berners-Lee pamoja na Dan Connolly. Katika lugha hiyo orodha nzima hufunguliwa kwa alama iitwayo select, na kila jina lililomo hutanguliwa na alama ya option. Faida zake zinaeleweka: mwombaji hawezi kukosea tahajia, na mpokeaji hapati Korogwe iliyoandikwa kwa namna kumi tofauti. Gharama yake ni kwamba jibu ambalo mtunzi hakulifikiria haliwezi kutolewa kabisa.

Jambo ambalo mtumiaji wa kawaida halioni ni kwamba kila jina lililo kwenye orodha lina sehemu mbili. Ipo ile inayosomwa kwenye kioo, na ipo thamani inayotumwa kwenye seva pale fomu inapowasilishwa. Mtu anaweza kusoma "Tanga" na kompyuta yake ikatuma namba tu. Mtunzi asipoandika thamani yoyote, kivinjari hutuma maneno yenyewe yanayosomeka. Makosa mengi makubwa ya orodha hizi hutokea katika sehemu hiyo isiyoonekana, na ndiyo maana hugundulika kwa kuchelewa.

Tuchukue mikoa. Katika sensa za Tanzania, Dodoma ni 01, Arusha 02, Kilimanjaro 03 na Tanga 04. Mpangilio huo haufuati alfabeti, na huenda mgeni akauona wa ovyo, lakini una sifa moja kubwa: haubadiliki. Manyara ilipoanzishwa mwaka 2002 ilipewa 21. Njombe, Katavi, Simiyu na Geita zilipoanzishwa mwaka 2012 zilifuata kwa 22 hadi 25, na Songwe iliyomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016 ikawa 26. Hakuna mkoa wa zamani uliolazimika kusogea ili kuupisha mpya.

Mtunzi wa programu asiyeufahamu utaratibu huo huenda akapanga majina kwa alfabeti na kuyahesabu kuanzia moja kwenda mbele, kisha akahifadhi nafasi ya jina badala ya msimbo wake. Programu itafanya kazi vizuri mpaka siku atakapoiingiza Geita kati ya Dodoma na Iringa. Siku hiyo kila mkoa ulio chini ya Geita utasogea hatua moja, na watu waliojiandikisha Iringa mwaka uliotangulia watasomeka kuwa wa Geita. Hakuna taa nyekundu itakayowaka, wala kompyuta haitagoma.

Hatari nyingine hujitokeza pale mifumo miwili inapobadilishana taarifa. Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, nalo lina misimbo ya mikoa ya Tanzania, na katika orodha yake Tanga ni 25 wakati 04 ni Iringa. Kwa hiyo taasisi moja ikituma "04" ikikusudia Tanga ya sensa, na nyingine ikaisoma kwa kitabu cha ISO, mkazi wa Korogwe anajikuta Nyanda za Juu Kusini bila kupanda basi. Hakuna aliyefanya uzembe kati ya hao wawili. Kilichokosekana ni makubaliano ya maandishi kuhusu orodha ipi inatumika, jambo ambalo katika miradi ya kompyuta huachwa mwisho kwa kuwa linaonekana dogo.

Kutumia jina lenyewe badala ya namba nako hakutatui tatizo. Kuna kata iitwayo Kwamsisi katika mji wa Korogwe na Kwamsisi nyingine wilayani Handeni, jirani kabisa. Majengo ipo Korogwe, ipo Dodoma na ipo Songea. Neno Korogwe lenyewe linabebwa na wilaya, na mji, na kata hii yenye jina la Kiingereza, achilia mbali majimbo mawili ya uchaguzi, la Mjini na la Vijijini. Njia iliyo salama ni kuipa kila kata msimbo usiofanana na mwingine nchini, kama ulivyo msimbo wa posta wa tarakimu 5, na kuliacha jina liwe la kusomwa na binadamu tu.

Lipo pia suala la jina la kwanza. Kwa kawaida, orodha kunjuzi ikifunguliwa bila maelekezo mengine, kivinjari huhesabu kwamba jina la juu kabisa limekwisha kuchaguliwa. Kwa alfabeti, mkoa wa juu kabisa Tanzania ni Arusha. Mtu akilipita swali hilo bila kuligusa, fomu yake huondoka ikisema anatoka Arusha, na hakuna wa kumtofautisha na Mwarusha halisi. Tiba yake ni nyepesi mno kiasi kwamba kuikosa ni vigumu kusamehe: nafasi ya kwanza iwe na maneno "Chagua mkoa", thamani yake iwe tupu, na seva ikatae fomu yenye thamani tupu.

Orodha za mkoa, wilaya na kata hufanya kazi kwa kutegemeana, na huo ndio ugumu wake halisi. Zamani, ukurasa ulibeba kata zote za nchi mara moja, jambo lililoufanya uwe mzito kwa waliotumia intaneti ya simu ya mezani. Au ulijifungua upya kila mkoa ulipobadilishwa. Baadaye ikawezekana kwa ukurasa kuomba kipande kidogo tu cha taarifa kutoka kwenye seva bila kujifungua upya, mbinu ambayo Jesse James Garrett wa Marekani aliipa jina la Ajax Februari 2005. Mtumiaji akichagua Tanga, ombi hutumwa, na wilaya za Tanga zikarudi.

Mbinu hiyo huleta shida pale mtandao unapokuwa wa kusuasua. Mtu akichagua Tanga kwa bahati mbaya kisha akabadili haraka kuwa Mwanza, maombi mawili huwa njiani kwa wakati mmoja. Jibu la Tanga likichelewa na kufika la mwisho, ukurasa utaonyesha mkoa wa Mwanza wenye wilaya za Kilindi na Pangani. Mtunzi makini huweka kumbukumbu ya ombi la mwisho na kulitupa jibu lolote lisilo lake. Aidha, mkoa unapobadilishwa, wilaya na kata zilizochaguliwa awali zinapaswa kufutwa papo hapo, na seva ihakiki kwamba kata iliyotumwa kweli iko ndani ya halmashauri iliyotumwa. Kinachofanywa kwenye kioo peke yake hakitoshi.

Mtandao ukikatika kabisa, orodha ya pili hubaki tupu. Anayeifungua hajui kama wilaya hazijafika au hazipo, na wengi huanza fomu upya kuanzia jina la kwanza la baba. Sentensi moja ya "Orodha haijafika, jaribu tena", pamoja na kitufe cha kujaribu, ingewaondolea adha hiyo.

Pamoja na ufundi wote huo, ramani nayo haitulii. Mwaka 2002 Kilindi ilitengwa na kuwa wilaya kutoka Handeni. Katika Sensa ya mwaka 2002, Korogwe ilihesabiwa kuwa moja, ikiwa na watu 261,004. Katika Sensa ya mwaka 2012, halmashauri ya wilaya ilikuwa na watu 242,038 na mji ukahesabiwa peke yake kwa watu 68,308. Anayelinganisha jina kwa jina ataona Korogwe imepungukiwa na watu karibu 19,000 ndani ya miaka kumi. Ukweli ni kwamba ukijumlisha sehemu zote mbili unapata 310,346, yaani ongezeko la zaidi ya watu 49,000.

Ndiyo maana wanaoielewa kazi hii hawafuti jina la zamani wilaya inapogawanywa. Hulifunga kwa tarehe, ili aliyejiandikisha Handeni kabla ya mgawanyo aendelee kusomeka hivyo, na anayejiandikisha leo aone majina ya leo tu. Kufuta ni rahisi zaidi, lakini kumbukumbu za zamani hubaki zikielekeza mahali pasipokuwapo tena.

Swali jingine ni iwapo orodha hizo ni za lazima kila mara. Kwa majibu mawili au matatu, vitufe vya duara vinavyoonekana vyote kwa pamoja humpunguzia mtu kubonyeza. Kwa mwaka wa kuzaliwa, ni adhabu kumtaka mzee aliyezaliwa mwaka 1950 ashuke ngazi zaidi ya sabini wakati angeandika tarakimu nne. Kwa mamia ya majina, kisanduku kinachomruhusu mtu aandike herufi chache na kuonyeshwa yanayolingana ni bora zaidi, mradi kitafute popote ndani ya jina. Mwananchi akiandika "korog", Old Korogwe nayo ijitokeze. Kuna watunzi wanaotengeneza visanduku vyao vya kupendeza badala ya kile kinachokuja na kivinjari, wakasahau kwamba wapo wanaotumia kibodi bila kipanya, na wapo wasioona wanaosomewa ukurasa na programu maalumu. Cha kivinjari ni cha kawaida kwa sura, lakini kinawahudumia watu hao wote, na kwenye simu hufunguka kwa ukubwa unaotosha kidole.

Mpaka fomu zote zitakapofikia hapo, anayejaza kwa niaba ya ndugu yake anashauriwa kuwa na barua ya mtendaji mkononi, asome tena ukurasa wa mwisho kabla ya kubonyeza "Tuma", na achapishe nakala. Wenye kibodi wana njia ya mkato: orodha ikiwa imefunguliwa, kubonyeza herufi moja humpeleka mtu kwenye jina la kwanza linaloanza na herufi hiyo. Wa Old Korogwe abonyeze O. Akibonyeza K, ataishia Kilole.