Marehemu 3,693, Wauaji Wangapi?

Kati ya mwaka 1970 na 1984, watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara kwa kudhaniwa kuwa wachawi. Wanawake walikuwa 2,286 na wanaume 1,407. Takwimu hizo, zilizochambuliwa na mwanazuoni Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zina jambo moja linalowachoma zaidi watu wa Kanda ya Ziwa: waliouawa Usukumani peke yake ni zaidi ya nusu. Wakati huo Bariadi ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Shinyanga, na Lagangabilili, ambayo leo ni makao makuu ya Wilaya ya Itilima mkoani Simiyu, ilikuwa ndani ya Bariadi hiyo.

Ukizisoma hesabu hizo unakutana na marehemu tu: wangapi, wa jinsia gani, wa mkoa gani. Aliyeshika panga haonekani. Je, walikuwa wauaji elfu tatu na ushee, kila mmoja na marehemu wake? Hakuna mzee wa Itilima atakayekubali hilo. Vijijini watu walijua kwamba kuna waliokuwa wakifanya kazi ile mara moja na kurudi tena, kwa malipo, na jina lao lilikuwa moja: wakata mapanga.

Hapo ndipo swali linalosumbua wataalamu wa uhalifu wa Marekani na Ulaya, la kama wauaji wa mfululizo wamepungua katika zama hizi, linapoacha kuwa la sinema na kuwa letu.

Mwaka 2005 Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI, liliwakusanya wataalamu wakakubaliana kipimo chepesi: muuaji wa mfululizo ni mtu anayeua watu wawili au zaidi katika matukio tofauti. Sababu ya kuua haikuwekwa kuwa sharti. Inaweza kuwa tamaa ya mwili, hasira au fedha. Kwa kipimo hicho mkata mapanga anaingia moja kwa moja. Wapo wanaosema muuaji wa kukodiwa ni fundi tu wa kazi chafu, na kwamba muuaji wa mfululizo wa kweli ni yule anayesukumwa na kitu kilichomo kichwani mwake. Tofauti hiyo ina maana kwa daktari wa akili. Kwa mjane anayelala peke yake pembezoni mwa shamba la pamba haina maana yoyote.

Kazi yenyewe ilianza mbali na panga. Mtoto ameshikwa na homa kali, degedege likamchukua. Wazazi wanakwenda kwa mganga, kuku anapasuliwa, mganga anasoma alama zilizomo ndani yake. Mara nyingi hataji jina. Anaeleza tu kwamba aliyefanya hivyo ni mwanamke, mtu mzima, wa ukoo wa karibu, nyumba yake iko upande fulani, na macho yake ni mekundu. Waliosikia wanarudi nyumbani wakiwa tayari wanajua ni nani. Wakati mwingine walikuwa wanajua hata kabla ya kwenda, maana mama huyo alikuwa mjane mwenye shamba zuri ambalo shemeji walilimezea mate kwa muda mrefu.

Macho mekundu, kwa watu wa Simiyu, hayahitaji uchawi kuelezwa. Hii ni nchi ya pamba na ng'ombe. Miti ilikwisha siku nyingi, na jikoni kinachowaka ni mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Mama aliyepika miaka hamsini ndani ya kijumba kisicho na dirisha, moshi ukimrudia usoni asubuhi na jioni, atakuwa na macho mekundu akitaka asitake.

Mkata mapanga aliletwa kutoka kijiji kingine. Alilipwa fedha au ng'ombe, akaonyeshwa nyumba, akaja usiku. Kichwa, shingo, mikono iliyoinuliwa kujikinga. Asubuhi mbuzi wapo zizini, godoro lipo, sufuria zipo, hakuna kilichoibwa. Askari anayefika huuliza swali ambalo polisi wa dunia nzima huanza nalo: marehemu aligombana na nani? Aliyeua hakuwahi kugombana naye. Pengine hakuwahi kumwona mchana. Ugumu huo wa kumsaka muuaji asiyemjua marehemu wake ndio uliowasumbua wapelelezi wa California na London kwa miaka mingi, tofauti ikiwa kwamba wao walikuwa na faili za kulinganisha.

Serikali ilijaribu kuingia kwa nguvu. Mwaka 1976 ilifanyika operesheni kubwa ya kukamata washukiwa wa mauaji katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Ikageuka aibu: watu waliteswa mahabusu na baadhi wakafia humo. Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, aliyekuja kuwa Rais baadaye, alijiuzulu kuwajibika, na wakuu wa mikoa hiyo miwili wakaondoka pia. Watanzania wengi wanaukumbuka ule uwajibikaji, na wana haki ya kuukumbuka. Kinachotajwa kwa nadra ni kwamba kumpiga mtu mpaka akubali hakumwambii mpelelezi kama aliyemuua mama wa Bariadi ndiye aliyemuua mama wa Maswa. Mauaji yaliendelea, na miaka ya 1980 ilipoingia wananchi wakaunda sungusungu wao wenyewe, na mwano, yowe la kuitana lililokuwa likipigwa dhidi ya wezi wa ng'ombe, likapata nguvu mpya. Sungusungu walipunguza wizi wa mifugo kweli. Kwa wazee walioshukiwa uchawi, baadhi ya vikundi hivyo havikuwa kimbilio bali hatari nyingine.

Sasa tuangalie wenzetu wanaojigamba kuhesabu. Vyuo vikuu viwili vya Marekani, Radford na Florida Gulf Coast, vina hifadhidata ya wauaji wa mfululizo iliyokusanywa kwa miaka mingi. Inaonyesha kwamba miaka ya 1980 Marekani ilikuwa na wauaji wa aina hiyo karibu 770, miaka ya 1990 kama 670, miaka ya 2000 kama 400, na miaka ya 2010 mia moja na ushee tu. Hata ukitoa punguzo kwa kesi ambazo bado hazijagunduliwa, mteremko huo ni mkubwa mno kuwa wa bahati. Maelezo yanayotolewa yanaingia akilini: vifungo vimekuwa virefu, hivyo mtu hukamatwa kwa kosa la kwanza na asipate nafasi ya la tatu, wasichana hawaombi tena lifti barabarani kama zamani, kamera ziko kila kona, simu humfuata mtu hadi chooni. Juu ya yote kuna vinasaba. Joseph DeAngelo, askari wa zamani aliyeua watu 13 huko California katika miaka ya 1970 na 1980, alikamatwa mwaka 2018 akiwa babu wa miaka 72, kwa sababu ndugu zake wa mbali walikuwa wamepeleka mate yao kwenye tovuti za kutafuta ukoo.

Lakini hifadhidata hiyo huhesabu wanaojulikana. Katikati ya miaka ya 1960 polisi wa Marekani walikuwa wakifumbua zaidi ya asilimia 90 ya mauaji. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 ilikuwa karibu nusu tu. Mwandishi wa habari mstaafu, Thomas Hargrove, alitengeneza programu ya kompyuta inayopekua takwimu za mauaji kutafuta mafungu yanayofanana. Mwaka 2010 programu hiyo ikaonyesha kwamba katika mji wa Gary, Indiana, wanawake walikuwa wakinyongwa kwa mfululizo. Akawaandikia polisi wa huko. Hawakumsikiliza. Mwaka 2014 akakamatwa Darren Vann, naye akawaongoza polisi hadi kwenye nyumba zilizotelekezwa zenye miili.

Mfano wa Uingereza unatukaribia zaidi, kwa sababu waliouawa wengi walikuwa bibi wazee. Daktari Harold Shipman wa mji wa Hyde aliwadunga wagonjwa wake sindano za dawa kali ya maumivu kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 2000 alihukumiwa kwa mauaji 15. Tume iliyofuata ikathibitisha 215. Polisi walikuwa wamechunguza mapema mwaka 1998 wakaona hakuna kitu. Waliokuwa wameshtuka ni mhudumu wa mazishi aliyeona maiti zinafanana mno, na daktari wa zahanati ya jirani aliyeona vyeti vya vifo vinazidi. Bibi mzee akifa, nani anauliza? Hyde yenye hospitali na rejista za kila namna haikuuliza.

Na huku kwetu? Miaka ya karibuni Afrika Mashariki imepata wauaji wa aina ile ya Kimarekani, wa mijini, peke yao. Kigali, Septemba 2023, Denis Kazungu alinaswa si kwa vinasaba bali kwa kudaiwa kodi ya nyumba: alipokuwa akitolewa, shimo lilikutwa jikoni lenye miili. Miezi michache nyuma alikuwa ameshakamatwa kwa makosa mengine akaachiwa. Machi 2024 alihukumiwa kifungo cha maisha kwa kuua watu 14. Nairobi, Julai 2021, kijana wa miaka 20, Masten Wanjala, alikiri kuua watoto zaidi ya kumi. Oktoba akatoroka kituo cha polisi na siku mbili baadaye wananchi wa Bungoma wakamuua.

Julai 2024 ikaja Mukuru kwa Njenga, Nairobi hiyohiyo, pale miili ya wanawake ilipoopolewa ikiwa kwenye magunia katika machimbo ya Kware, hatua chache kutoka kituo cha polisi. Mshukiwa, Collins Jumaisi, alifuatiliwa kupitia muamala wa fedha kwenye simu ya mmoja wa marehemu. Polisi walisema amekiri kuua wanawake 42 tangu 2022. Wakili wake akasema mteja wake aliteswa. Kabla mahakama haijaamua, alfajiri ya tarehe 20 Agosti askari wa kituo cha polisi cha Gigiri waliopeleka chai mahabusu wakakuta nyavu za waya zimekatwa, na Jumaisi ametoweka pamoja na raia 12 wa Eritrea. Teknolojia ilikuwa imefanya sehemu yake.

Kwa hiyo Kenya na Rwanda wamepata kitu kipya? Si lazima. Magunia ya Kware yalionekana kwa sababu yalirundikana mahali pamoja. Yangetawanyika katika kaunti sita, yangekuwa kesi sita za maiti zisizotambuliwa.

Tanzania hesabu imeelekea chini, ingawa si kwa mstari ulionyooka. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kiliripoti watu 765 waliouawa nchini kwa imani za kishirikina mwaka 2013, kati yao wanawake 505. Kwa mwaka 2017 kiliripoti 307. Anayependa hadithi za upelelezi atavunjika moyo akitafuta shujaa wa mabadiliko hayo. Wakata mapanga hawakunaswa mmoja mmoja na mpelelezi mahiri, waliishiwa wateja. Shirika la Maperece la Magu, likishirikiana na HelpAge International, liliingia vijijini na mambo yasiyofanana kabisa na kazi ya polisi: majiko banifu yasiyotoa moshi mwingi, nyumba imara kwa wajane, mafunzo ya kuandika wosia ili shamba lisibaki mdomoni mwa shemeji, ngoma na mikutano ya kuzungumza wazi kuhusu macho mekundu. Katika vijiji vya mradi mauaji yalishuka sana. Jiko la udongo lenye bomba la moshi halijawahi kuingia katika orodha ya silaha za kupambana na wauaji wa mfululizo huko Marekani. Usukumani linastahili kuwamo.

Soko hilo halikufungwa lote. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 lilihamia kwa watu wenye ualbino; Umoja wa Mataifa ulisema mwaka 2015 kwamba tangu 2000 waliuawa angalau 75 nchini. Mwaka huohuo waganga zaidi ya 200 wasio na vibali walikamatwa. Mnyororo ni uleule, mganga, mteja na mshika panga, isipokuwa kwamba safari hii dunia nzima ilitazama, na kesi zikafika Mahakama Kuu.

Agosti 2024, huko Lamadi wilayani Busega, kwenye barabara ya Mwanza kwenda Musoma, wananchi walizingira kituo cha polisi wakidai watoto wanapotea. Risasi zikapigwa na mtu mmoja akafa. Walichokuwa wamefanya wakazi wale, kwa hasira na bila ushahidi mkononi, ni kuunganisha matukio: mtoto wa huku, mtoto wa kule, wakaona mkono mmoja. Inawezekana walikosea. Lakini kazi ya kuunganisha ndiyo inayotakiwa, na vifaa vyake havipo mbali tena. Laini za simu husajiliwa kwa alama za vidole, na zisizosajiliwa zilianza kuzimwa Januari 2020. Sheria ya vinasaba vya binadamu ipo tangu 2009, na Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza. Taarifa za polisi zimezoea kuyapanga mauaji kwa chanzo: wivu wa mapenzi, kujichukulia sheria mkononi, imani za kishirikina. Mpelelezi wa Itilima aliyeletewa habari ya mjane aliyekatwa usiku, mbuzi wakiwa zizini, anahitaji kingine zaidi ya chanzo: kujua siku hiyohiyo kama Maswa au Meatu kuna faili linalofanana na lake.