Chupa ya Mofini Nyumbani kwa Shangazi

Sijui, ndugu msomaji, kama umewahi kulala nyumba moja na mgonjwa wa saratani aliyekosa dawa ya maumivu. Mimi nimelala, kwa shangazi yangu, mtaa wa Shela hapa Malindi. Mchana alijikaza, akawapokea waliokuja kumtazama kwa uso mkunjufu na kuwajibu "alhamdulillahi." Usiku, wageni wakishaondoka, aliuma ncha ya leso ili majirani wasimsikie.

Hospitali walikwisha kutupa chupa ya mofini ya kunywa pamoja na kikombe kidogo cha kupimia. Aliposikia jina lake akaisukuma mbali.

"Mwanangu, hii si nduguye unga? Si ndiyo iliyonimalizia kijana wangu? Niacheni nife na saratani yangu. Sitaki kuzikwa nikiitwa teja."

Sikuwa na jibu. Heroini, ambayo vijana waliiita "brauni shuga" kabla ya kuiita unga, imeua wengi katika mji huu. Mwaka 1995 ulianzishwa Mradi wa Omari kuwasaidia walionaswa, na kufikia hapo mama wengi walikuwa wamekwisha kulia.

Tena, kwa upande wa nasaba shangazi hakukosea. Mofini hutokana na afyuni, ambayo Ibn Sina aliitaja katika Al-Qanun kuwa dawa ya kutuliza maumivu. Mfamasia Mjerumani, Friedrich Sertürner, aliitenga mofini mwanzoni mwa karne ya 19. Heroini nayo ilitengenezwa London mwaka 1874 kutokana na hiyo mofini, na kuanzia 1898 kampuni ya Bayer ikaiuza kuwa dawa ya kikohozi! Ikiingia mwilini, heroini hugeuka ikawa mofini tena.

Basi tofauti iko wapi? Jambo hili lilichunguzwa vitandani mwa wagonjwa wenyewe. Zamani, desturi ya hospitali nyingi ilikuwa kumngoja mgonjwa alie ndipo achomwe sindano. Kuanzia 1958, daktari Cicely Saunders, katika hospitali ya St Joseph's mjini London, alifanya kinyume chake: dawa itolewe kwa saa, kabla maumivu hayajarudi, na hali ya kila mgonjwa iandikwe. Akaona kwamba mtu aliyekwisha kupata nafuu hakai akiitamani dawa, kwa kuwa maumivu hayampi tena sababu ya kuidai. Mwaka 1967 alifungua St Christopher's, na hapo daktari Robert Twycross akailinganisha heroini yenyewe na mofini kwa wagonjwa wa saratani. Alipochapisha matokeo mwaka 1977, hakuona sababu ya kuing'ang'ania heroini. Mofini ya kunywa, ikipimwa vizuri, yatosha. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wake: dawa kwa mdomo, kwa saa, na kwa ngazi, kuanzia zile nyepesi. Jirani zetu wa Uganda waliufuata vizuri. Tangu 1993, shirika la Hospice Africa alilolianzisha daktari Anne Merriman limekuwa likiwapa wagonjwa unga wa mofini uliochanganywa na maji, dawa isiyo ghali.

Wako watakaosema kwamba maumivu ni kafara ya madhambi, nasi ndivyo tulivyofundishwa. Lakini hao hao, jino likiwauma, huwa kwa daktari kabla ya adhuhuri.

Shangazi hakushindwa na hoja zangu. Aliyemshinda ni kijana wa jirani, aliyekuwa teja miaka mingi. Mwaka 2015 hospitali ya Malindi ilianza kuwapa mateja methadoni, dawa ifanyayo kazi mwilini kama afyuni, nao huinywa kila siku mbele ya muuguzi. Kijana huyu alikuwa mmoja wao. Alikuja kumtazama mgonjwa, akaiona chupa, akakaa chini kwenye mkeka.

"Bibi," akamwambia, "sisi tulikuwa tukiutafuta ulevi. Wewe waukimbia uchungu tu. Mimi mwenyewe nanywa dawa ya ukoo huu kila asubuhi, kwa kipimo, na sasa nafanya kazi."

Shangazi alimtazama kitambo, kisha akanyosha mkono.

Tulimpa kila baada ya saa 4, na ile ya kulalia tukaiongeza kama tulivyoelekezwa. Siku mbili za kwanza alisinzia sana, tukaogopa, halafu akazoea. Ilifunga choo, na kwa hilo muuguzi alitulaumu sisi, maana dawa ya kulainisha tuliiacha sandukuni. Lakini usiku ule wa kwanza alilala hadi alfajiri. Alipoamka alitaka maji ya kutawadha, akasali ameketi, kisha akauliza nani amepika mahamri yale, maana iliki imezidi.

Aliishi miezi mitatu baada ya hapo, na leso hakuiuma tena. Tulipomaliza matanga niliirudisha hospitali chupa iliyobaki. Muuguzi akaipima mbele yangu, akaandika kiasi chake kitabuni, nami nikatia sahihi.