Ujumbe wa Kosa kati ya Skrini na Batli: Suala la Ngeli katika Mstari wa Amri wa Unix

1.0 Utangulizi

Mtu anayeandika amri cat bei.txt katika kompyuta ya Unix au Linux, ilhali faili hilo halipo, hujibiwa kwa mstari mmoja: cat: bei.txt: No such file or directory. Makala haya yanafafanua jinsi mstari huo unavyoundwa na unavyohifadhiwa. Yanadai pia kwamba wanaotaka Kiswahili kitumike humo hawana budi kutenganisha mambo mawili ambayo ni rahisi kuyachanganya, yaani maneno anayoyasoma mtumiaji na rekodi inayotunzwa na mashine.

2.0 Namba kwanza, maneno baadaye

Kwa kawaida, programu ya Unix huanza kazi ikiwa na mikondo mitatu iliyo wazi: mkondo 0 wa kupokea, mkondo 1 wa matokeo na mkondo 2 wa makosa. Kwa kuwa makosa yana njia yake, mtumiaji akiongeza 2> makosa.txt mwishoni mwa amri, makosa yatakwenda kwenye faili na matokeo yatabaki kwenye skrini.

Kosa linapotokea, kiini cha mfumo hakisemi neno lolote. Hurudisha namba tu: 2 ikiwa faili au saraka haipo, 13 ikiwa ruhusa imekataliwa. Maktaba ya lugha ya C ndiyo inayoigeuza namba kuwa maneno; kisha programu hutanguliza jina lake na jina la faili, vikitenganishwa kwa nukta pacha. Maneno hayo yaweza kuishi muda mrefu kuliko vitu yanavyovitaja. Katika mifumo ya zamani, kosa namba 25 lilitangazwa kwa maneno yenye maana ya “si taipureta”, nalo liliwatokea hata watu ambao hawakuwa na taipureta wala hawakuitaka.

3.0 Ngeli ndani ya kiolezo

Utaratibu wa gettext huchota tafsiri ya ujumbe kutoka katika katalogi ya lugha iliyochaguliwa kwa vigeu kama LANG, LC_MESSAGES na LC_ALL. Maktaba ya glibc tayari ina maelezo ya maeneo ya sw_KE na sw_TZ. Kikwazo kikubwa, kwa maoni yangu, kimo katika violezo. Mwandishi wa programu huandika %s not found, na nafasi ya %s hujazwa programu inapokuwa kazini. Kiingereza hakidhuriki. Kiswahili hudai mtumiaji hapatikani, kifaa hakipatikani, jina halipatikani, saraka haipatikani. Mfasiri hawezi kukiandika kitenzi kabla ya kuijua nomino. Gettext hushughulikia umoja na wingi, hivyo “kifaa 1 kimeondolewa” na “vifaa 3 vimeondolewa” si tatizo. Haina nafasi ya ngeli.

Mfasiri anaweza kukwepa kwa kuandika “Haipatikani: %s”. Hilo linavumilika kwa saraka, lakini “Haipatikani: mtumiaji” humfanya mtu kuwa kitu. Lugha yenyewe inayo njia bora zaidi. Umbo “hakuna” halibadiliki kwa ngeli ya nomino inayofuata: hakuna mtumiaji, hakuna kifaa, hakuna jina, hakuna saraka. Hata ubishi wa “faili hii” na “faili hili” hunyamaza mbele ya “hakuna faili”. Vivyo hivyo, “Huna ruhusa” ni fupi na wazi kuliko “Ruhusa imekataliwa”, na “Imeshindikana kufuta %s” hukubali nomino yoyote. Mahali ambapo miundo hii haitoshi, mwandishi wa programu aombwe sentensi nzima kwa kila aina ya kitu, badala ya vipande vya kuunganishwa.

4.0 Batli

Mabaharia wa pwani wana neno batli kwa kitabu cha kumbukumbu za chombo, nami nalitumia hapa kwa kumbukumbu za mfumo. Mfumo wa syslog, uliobuniwa na Eric Allman katika miaka ya 1980 kwa ajili ya Sendmail, huzipa kumbukumbu hizo viwango vinane vya uzito, kuanzia 0 cha dharura hadi 7 cha uchunguzi wa programu. Namba ya asili ya ujumbe huzidishwa kwa 8 na kujumlishwa na kiwango. Kwa hiyo logger -p user.err huzaa 1 × 8 + 3, yaani 11, kwa lugha yoyote ile.

Tuchukulie seva iliyoko Bujumbura imewekwa Kifaransa, na hati ya amri iliyoandikwa Dar es Salaam inahesabu makosa katika batli yake kwa kutafuta maneno ya Kiingereza. Itahesabu sifuri, na sifuri hiyo itasomwa kama amani. Kuongeza Kiswahili ndani ya batli kutazidisha upofu huo. Mafundi wengi hujikinga kwa LC_ALL=C, ambayo hurudisha Kiingereza kila mahali. Jarida la systemd linaonesha njia nyingine: ujumbe unaweza kubeba kitambulisho cha biti 128, na amri journalctl -x hutafuta maelezo yake katika katalogi ya lugha ya msomaji wakati wa kusoma.

Washauri wa sera wanaweza kudai hivyo hivyo katika nyaraka za zabuni: batli ihifadhi jina la programu, namba ya kosa na kitambulisho kisichobadilika, na Kiswahili kitokee pale mtu anaposoma. Katika kompyuta nyingi za Linux namba za makosa ya mfumo zinaishia 133. Jopo dogo la wanaisimu na waandishi wa programu, chini ya Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki au mabaraza ya nchi wanachama, linaweza kuziandikia zote sentensi kamili katika warsha moja.